Gemu Isiyoua Mtu

Mwanaima wa Msambweni asubuhi hukaanga viazi vya karai, mchana hufungua chumba cha gemu nyuma ya nyumba yake. Ana msonyo mrefu, wa polepole, unaoanza kabla hujamaliza kusema upuuzi wako. Lakini kwa miaka kumi na minane hakuwahi kuusonyea mchezo wowote mle chumbani, mpaka ilipokuja Mpanda Minara ya saba.

Mpanda Minara ni yule jamaa wa upanga anayeruka kutoka ukuta hadi ukuta akipigana na majini. Sehemu zote sita za mwanzo zilichezwa kwa Mwanaima kwa sheria moja: ukifa, unapisha. Umekosa mruko, umetumbukia, basi, mpe pedi ya kuchezea aliyekaa kando yako. Hakuna kubembeleza, hakuna mkubwa wala mdogo.

Aliyeipenda sheria hiyo kuliko wote ni Ramadhani, mdogo wake. Alikuwa mkwezi wa minazi kule Kinondo mpaka alipoanguka, na tangu hapo miguu haimtii. Baada ya adhuhuri alikuwa akisukumwa kwa kiti chake cha magurudumu hadi chumbani, akakaa penye zamu yake, na pedi ikimfikia vijana waliacha kutafuna. Akiruka yeye, jamaa hatumbukii ng'o. Mwanaima alikuwa akisikia kicheko chake hadi jikoni, na kwingine kote Ramadhani hakuwa akicheka.

Sasa sikia Mwanaima alivyojikoroga. Vijana walimlilia miezi mitatu kwamba picha zimezeeka, wenzao wa Diani wanacheza ya saba. Akaibeba mashine ya zamani na sehemu zake sita, akaenda Ukunda kuibadilisha na mpya. Hakumwuliza Ramadhani. Alidhani anamfurahisha.

Kumbe hao watengenezaji, kuifanya ya kisasa kwao ni kuondoa kifo! Jamaa akitumbukia anaibuka palepale, mzima, na nywele zimechanwa. Mtu anaanguka mara arubaini mbele ya ukuta mmoja na pedi ingali yake. Nani ampishe nani? Siku ya kwanza Ramadhani alikaa mpaka alasiri, mikono mapajani. Ya pili vivyo hivyo. Mwanaima akaweka saa ya simu, kila mtu robo saa. Ikilia, mwenye pedi anasema amebakisha kidogo, wanazozana, mwishowe mmoja anasema mpeni Ramadhani jamani, maskini. Mwanaima hakulistahimili neno hilo. Akarudi Ukunda mbio, akakuta mashine ya zamani imeshafunguliwa vipuri. Siku ya tano Ramadhani alisema kichwa kinamuuma, asisukumwe. Ya sita, kichwa tena.

Wiki hiyohiyo akaja Beryl, binti wa Nairobi aliyetumwa na wenye gemu kuzunguka pwani akiuliza wachezaji wangependa sehemu ya nane iboreshwe vipi. Adabu alikuwa nayo, shikamoo alitoa. Lakini alipoanza kueleza kwamba watu siku hizi huchoka kufa, msonyo ulitoka hadi kuku wakakimbia. Mwanaima akamwambia picha wazipambe watakavyo, mruko uweze kugeuzwa hewani, vitufe mtu ajipangie mwenyewe, hayo yote ni sawa na yamechelewa. Lakini kuanguka bila kufa ni uchafu, ni kumdekeza mtu mzima kama wa kunyonya, na yeye kinyaa kimemjaa mpaka hapa. Akashika koo.

Beryl akasema taratibu kwamba labda ni mazoea tu, mama, watu watazoea.

Ndipo Ramadhani akazungumza kutoka chumba cha pili, alikokuwa amelala na mlango wazi.

"Binti wa Nairobi, andika hivi. Zamani nilikuwa nangoja mtu afe, nichukue haki yangu. Sasa nangoja mtu anihurumie."

Beryl hakuandika. Aligeuka kuutazama mlango ule. Mwanaima naye hakuthubutu kugeuka. Matusi yote aliyokuwa amewapakia watengenezaji yakamrudia mwenyewe, maana mashine ya zamani ilitoka nyumba hii mikononi mwake.