Chipu Niliyoifagia Motoni

Wajukuu mmenitupa! Tangu Pasaka hakuna aliyefika Makoko, ndiyo maana leo sikuwa na wa kunizuia.

Bhoke wetu, mjukuu pekee niliyebaki naye, anatengenezaga mashine za kutotolesha vifaranga. Kila mashine inataka chipu ya kuongoza joto, na siku hizi hazipatikani. Hii moja kaisubiri miezi minne.

Asubuhi nimeona kidudu cheusi mezani, miguu pande zote. Kimekufa, nikasema. Nikakifagia, nikakitupa motoni.

Bhoke kaingia. "Bibi, chipu ya mashine ya yule mjane wa kule Mugeta iko wapi?"

Nikageukia jiko, nikachokoa majivu. 

Kuku wa yule mama wamekufa wote kwa kideri, ugonjwa ule unaomaliza banda zima. Kabaki na mayai tu, anangoja mashine iyatotoe.

"Nimeichoma, mama," nikamwambia Bhoke.

Hakunifokea. Alikaa chini, akashika kichwa. Afadhali angefoka.

Nikamwambia ang'oe chipu ya mashine yangu, ile aliyonitengenezea, ampelekee mjane.

"Bibi, na mayai yako yaliyomo?"

"Ng'oa, usinibishie!"

Kaing'oa. Kuku wangu wawili wameatamia mayai ishirini ya mashineni. Kumi yamebaki kapuni, nimeyafunika kanga, yanapoa.

Anayekuja kunisalimia asibebe sukari. Alete kuku anayeatamia, na aje leo hii.