Siku Nilipojaribu Shubiri

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Kabla ya Uhuru tulikaa Kaloleni, na mume wangu Juma, mtu wa reli, alisumbuliwa na vidonda vya tumbo. Nikaambiwa shubiri ni dawa. Je, ikimuua? Nikaona niijaribu mwenyewe kwanza. Nikakamua majani kwa mikono, nikanywa kijiko kimoja, nikakaa kungoja kufa. Wapi!

Mwanangu Rehema akalia njaa. Nikamtolea ziwa, akalitema na kupiga yowe. La pili, yowe zaidi. Nikakumbuka asubuhi jirani yangu Mama Saumu alimsifu unene. Mbio hadi bombani, mbele ya wanawake wote.

"Mama Saumu, mtolee mwanangu jicho lako!"

"Jicho? Mimi niliyempokea alipozaliwa?"

Mama mkwe wangu, Bi Zainabu, akanishika mkono, akaunusa, akaonja kidole changu, akatema.

"Shubiri! Umemnyonyesha bila kunawa? Si ndiyo tunayopaka ziwa kumwachisha mtoto? Kisha unamsingizia mwenzio uchawi!"

Mama Saumu akanisogezea ndoo yake. "Haya, mganga, nawa. Mtoto ana njaa."