Punda Niliyemchukua Peke Yake

Siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, na si siku ya harusi wala ya kupokea shahada. Ni siku niliyosimama mbele ya zizi la vyuma nje ya mji wa Ibra, Oman, buibui limejaa vumbi, nikabishana na mtu mzima juu ya punda.

Usicheke. Au cheka kidogo, kisha nisikilize.

Ilikuwa miaka ya tisini, na mwaka haujatimia tangu nitoke chuo kikuu Maskati. Nilipangiwa kusomesha skuli ya wasichana huko Ibra. Baba alikuwa na nyumba ya shamba karibu na mji, naye alikuwa akikaa Maskati kwa kazi yake, kwa hivyo nikahamia pale kwa Bibi, mama yake. Bibi alizaliwa Unguja. Baba alimleta Oman miaka ya sabini, akamweka katika nyumba ile ya kuta nene iliyozungukwa na mitende, akamletea friji, akamwekea mtumishi wa kupika, akaona amemaliza. Nilimkuta Bibi na kanga zake, redio yake, na mkeka wake barazani nyuma ya nyumba. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, jioni nikirudi nikamwamkia tena, nami nikadhani hayo ndiyo mazungumzo.

Mimi nilikuwa mtu wa maswali. Niliuliza kwa nini wanawake wasikae pale wanaume wanapokata mashauri ya mji. Niliuliza kwa nini zamu za maji ya falaji, mfereji wa kumwagilia mashamba, zihesabiwe kwa kivuli na nyota na hali saa zimejaa madukani. Walimu wenzangu wakaniita Bi Kwanini. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami msemo huo niliuchukua kama mtu anavyochukua bakora: si ya kutembelea, ya kupigia watu.

Sasa punda. Zamani, kabla ya barabara ya lami, kila nyumba ilikuwa na punda wake. Walibeba tende kutoka mashambani, walibeba maji, walibeba maharusi. Kila nyumba ilikuwa na alama yake, mkato mdogo sikioni, huyu kakatwa ncha, yule kapasuliwa upande. Halafu zikaja pikapu. Watu hawakuwachinja punda, kwani nyama yake haramu, wala hawakuwauza, kwani nani anunue? Waliwafungua kamba wakawaachia waende wadini, kwenye mabonde makavu ya mito. Huko wakazaana. Nilipofika mimi walikuwa makundi, hawashikiki, wanashuka usiku kula miche ya mitende, wanasimama katikati ya barabara kuu mtu asiwaone mpaka awe juu yao. Dereva mmoja wa teksi alipindua gari kwa ajili yao akavunjika nyonga.

Baladia, yaani wakuu wa mji, wakatoa tangazo. Punda watakusanywa watiwe zizini kwa wiki moja. Anayetaka, na aje achukue, atie sahihi kwamba atamfunga na kumlisha. Watakaobaki Jumamosi watapakiwa malori wapelekwe mbali. Wapi? Tangazo halikusema.

Mji ukagawika. Wenye mashamba walisema heri, tulale. Wengine, wazee hasa, walisema viumbe hawa wametuchukulia mizigo ya baba zetu, je, leo tuwatupe mara ya pili? Nami nikaingia katikati. Niliandika barua mbili. Niliwasomesha wasichana wa darasa la juu mada ya haki za wanyama badala ya sarufi, na mwalimu mkuu akaniita. Kila nilipokaribishwa kahawa, tende haijafika mdomoni, nimeanza.

Mpinzani wangu mkubwa alikuwa Ami Saif, binamu wa baba, jirani yetu. Yeye hakuwahi kuona Afrika. Kiswahili alikiokota kwa mkewe, akikisema kama mtu anayevuka wadi kwa kukanyaga mawe, neno baada ya neno, akiogopa kuteleza. Punda walikuwa wamemlia miche yake yote ya mwaka ule.

"Ya binti," aliniambia barazani kwetu, "wewe kula tende, sivyo? Punda kula mtende. Kesho wewe kula nini? Barua?"

Bibi akacheka mpaka finjani ikatetemeka. Mimi nikanuna.

"Ami, nani aliwaachia waende wadini? Walijifungua wenyewe?"

Alimaliza kahawa yake, akatikisa finjani kuonyesha imetosha, akaondoka.

Siku ya Alkhamisi nikaenda zizini. Nilitaka kuchukua punda mmoja, nimfuge, nimzoeze, nimpitishe mbele ya watu wote, waone. Zingatia hilo neno, mwanangu: waone. Wakati ule sikulisikia.

Walikuwepo kama thelathini, wamejibana pembeni mbali na watu. Wawili walisimama peke yao karibu na pipa la maji. Mmoja alikuwa jike la kijivu, zuri, miguu imenyooka. Wa pili alikuwa jike jeusi, zee, kwato ya mbele imepasuka, mgongoni ana makovu ya matandiko, pale manyoya yanaporudi meupe. Shingo ya huyu ilikuwa juu ya shingo ya yule. Nikatazama masikio yao. Yote mawili yamepasuliwa upande wa kushoto, na jeusi, kovu lake lilikuwa la zamani. Alama ile niliijua. Ilichongwa juu ya mlango wa nyumba ya Ami Saif.

Naye alikuwepo pale, amekuja na pikapu yake kuwaletea majani. Hilo lilipaswa kunifunza kitu. Badala yake nikapaza sauti mbele ya wafanyakazi wa baladia na watu wote waliokuja kuchagua.

"Ami Saif! Njoo usome sikio hili. Nyumba ya nani hii?"

Watu wakageuka. Mmoja akasema kwa Kiarabu kwamba leo mwenye miche amepata wezi wake, nao ni jamaa zake. Wakacheka. Ami Saif aliweka chini mzigo wa majani.

"Ndiyo," akasema polepole. "Wa kwetu. Mweusi, baba yangu alimfungua siku tuliyonunua gari. Mimi nilishika kamba. Alitufuata mpaka mlangoni mara tatu, tukamrudisha kwa mawe." Akapangusa mikono. "Huyu wa kijivu mtoto wake, siku ile mdogo, sikio tumekata tayari. Hawaachani. Ukichukua, chukua wawili. Mimi siwezi. Mimi siwezi kumtazama."

Nikamwambia nina nafasi ya mmoja tu.

Haikuwa kweli. Kiwanja cha nyumba yetu kingetosha punda kumi. Lakini yule mzee anayechechemea, ningempitisha wapi? Watu wangesema Bi Kwanini kaokota mzoga. Nikatia sahihi, nikafungiwa kamba, nikaondoka na wa kijivu. Ilibidi wanaume watatu wamvute. Mweusi alitufuata mpaka kwenye vyuma, akasimama hapo kifua kimegota, hakutoa hata sauti.

Wa kijivu aliitoa. Alilia njia nzima, akafika nyumbani analia. Nilimfunga kwenye mtende kiwanjani, nikamwekea majani, maji, hata tende. Hakugusa. Alisimama kaelekeza uso langoni. Analia kilio kile cha punda kinachoanza kama mlango mbovu na kuishia kama mtu anayekosa pumzi, kisha ananyamaza anasimamisha masikio, anasikiliza. Haji mtu. Anaanza tena. Nilihamisha ndoo kivulini, nikabadili kamba, nikafungua vitabu vyangu. Kwenye vitabu hakukuwa na kitu.

Majirani walipita langoni. "Mwalimu, fadhila za punda ni mashuzi, hujasikia?" Nikawajibu kwa hoja. Nilikuwa na hoja nyingi mno.

Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, nilitoka kumtazama nikamkuta Bibi amehamisha mkeka wake. Amekaa chini pale kwenye mtende, karibu na kwato za punda, ingawa miguu yake mwenyewe ilikuwa mibovu. Alikuwa akizungumza. Sikuwa nimepata kumsikia Bibi akizungumza kwa muda mrefu namna ile. Kiswahili chake kilikuwa kingine, cha mjini Unguja cha zamani, cha haraka, kina utani ndani yake.

"Utalia mpaka lini, mwenzangu? Mie nililia mwaka. Waliniambia nyumba ipo, chakula kipo, unataka nini tena? Nikaona haya kusema. Na mie walinambia nafasi ni ya mmoja. Zuhura akabaki ngazini, kashika kapu langu la mikate aliyonipikia ya njiani, kasahau kunipa. Hakulia na yeye. Kasimama vivi hivi."

Nikasimama nyuma ya nguzo. Zuhura ni nani? Miezi tisa nilikuwa nimekaa nyumba moja na mwanamke huyu, na jina hilo sijalisikia.

"Bibi," nikasema, "Zuhura nani?"

Hakugeuka. "Dada yangu. Tumelala kitanda kimoja miaka arubaini, kabla ya waume, na baada ya waume. Babako alikuja kunichukua, akasema atarudi kumchukua yeye. Alikuwa na nia, simlaumu, karatasi zilikuwa ngumu. Zuhura alikufa mwaka wa tatu. Habari niliipata kwa barua, na barua ilikawia."

"Mbona hukutuambia?"

Hapo ndipo aliponigeukia. Bibi hakuwa mkali, mwanangu, na ndiyo maana maneno yale yamekaa.

"Wewe unauliza maswali, mjukuu wangu, mashallah, mji mzima unakujua. Lakini unauliza ya kushinda. Hujapata kuniuliza mie swali la kutaka kujua. Na huyu ungemuuliza, angekwambia. Alikwambia. Saif naye, mkewe kanieleza, alikwambia kwa Kiswahili chake kile kibovu, ukaona ni bora umwaibishe." Akaushika mguu wa punda ainuke. "Umeiona njaa yake, ukiwa wake hukuuona. Nenda kamlete mwenziwe."

Ijumaa hiyo zizi lilikuwa limefungwa. Jumamosi nilitoka alfajiri, nikapiga mlango wa Ami Saif. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, marefu, mazuri. Alifungua, akanitazama, akachukua funguo za pikapu kabla sijafika katikati.

"Baadaye omba samahani," akasema. "Sasa, gari."

Tulipofika, lango la zizi lilikuwa wazi. Palikuwa na pipa, majani yaliyokanyagwa, na mfanyakazi mmoja anazungusha kamba. Malori yalipakia mapema kukwepa joto. Ami Saif alimuuliza njia waliyoshika, tukaifuata mpaka jua likapanda, tukavuka njia panda moja na nyingine, tukasimama. Mbele yetu changarawe tupu kila upande. Alizima gari. Nilitaka aniseme. Alitoa chupa ya maji, akaninywesha mimi kwanza kama mtoto, kisha akageuza gari.

Punda wa kijivu aliacha kulia siku ya nne. Wapo waliosema amezoea. Mimi nilijua ameacha kungoja, na mambo hayo mawili hayafanani. Alikula, aliishi miaka mingi, Ami Saif alikuja kila siku kumletea majani, akimtazama. Lakini hakumsogelea mtu wala mbuzi. Sikumpitisha mbele ya watu hata siku moja.

Na Bibi? Nilikaa naye mkekani kila alasiri. Nilimuuliza juu ya Zuhura, nikajua alikuwa akiimba vibaya, akipika boko boko ya ngano na nyama isiyo na mfano, na kwamba waligombana miaka miwili juu ya pete. Nilimuandikia baba barua, na mara hii haikuwa ya hoja. Alikuja, akakaa chini, akaomba radhi, na nusu yake ilikuwa ya Zuhura, asiyekuwepo kuipokea. Bibi alifariki baada ya miaka minne. Minne tu, mwanangu, na kabla yake ilipita kama ishirini bila mtu kumuuliza.

Sasa nakuambia bila kuzunguka. Sikukatazi kuuliza. Ukiacha kuuliza utakuwa si wangu. Hata leo sijui baladia ingepaswa kufanya nini na punda wale. Dereva yule wa teksi naye alikuwa na haki, na wenye miche walikuwa na haki. Watu wakibishana tena, bishana. Lakini kabla hujamtetea wa mbali, mtazame aliye mkekani nyumbani kwako, umuulize, kisha unyamaze mpaka amalize. Ukitaka kukiokoa kiumbe, kwanza uliza kinamwacha nani. Usimwaibishe mtu kwa kosa ambalo yeye mwenyewe hawezi kulitazama. Na ukijua umekosea, usingoje asubuhi kama kuna mlango unaoweza kuugonga jioni, maana mimi ningemgongea Ami Saif Ijumaa ile ile, tukalala nje ya zizi. Sikugonga. Nilikuwa napanga maneno.

Mwenyezi Mungu akujaalie sikio pana kuliko ulimi wako. Akupe wa kukuuliza habari zako, na akupe subira ya kumjibu. Asikutenge na unayempenda kwa sababu ya nafasi ya mmoja, na akikutenga, akuletee mtu wa kukaa nawe chini bila haraka. Amin, mwanangu. Nenda salama.