Mitupo ya Kabati

Jina alilopewa na wazazi wake linajulikana na karani wa klabu na daktari wa magoti. Wengine wote humwita Kabati. Alipewa jina hilo na wenzake msimu wake wa kwanza katika ligi ya kulipwa, siku mchezaji wa timu pinzani, dada mwenye mbio za ajabu, alipomgonga kifuani, akaanguka chali na kusema, "Samahani," kama mtu aliyejigonga kwenye samani gizani. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Kabati alimpa mkono, akamwinua, mchezo ukaendelea.

Hakukasirika hata kidogo. Kabla ya hapo alikwishaitwa mengi, tena mabaya, na hakuna haja ya kuyarudia hapa. Alianza kurefuka akiwa darasa la nne, na hakuomba ruhusa ya mtu. Mama yake, fundi cherehani mwenye wateja wa kuchagua, alimshushia pindo la sketi ya shule mara ya kwanza, ya pili, mpaka pindo lenyewe likaisha, akaanza kuunga kitambaa kingine chini. Watoto wakacheka sketi, walipochoka na sketi wakamcheka mwenyewe. Siku ya picha ya darasa alikunja magoti ili kichwa chake kilingane na vya wenzake, na bado alionekana kama mwalimu aliyevamia mstari. Akajifunza kutembea ameinama, mabega mbele, kama aliyedondosha kitu.

Mpira wa kikapu ndio uliomtoa huko. Ulikuwa mahali pa kwanza duniani ambapo mtu alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akafurahi. Kwa miaka mingi ya kazi yake, katika klabu tatu, mbili kati yake za nchi za mbali alikojifunza lugha kwa wapishi wa kantini, hilo ndilo alilolipenda kuliko vikombe: akiingia uwanjani, hachekwi.

Kazi yake yenyewe si ya kuimbiwa nyimbo. Kabati husimama mahali. Mwenzake mwepesi anapita pembeni yake, mlinzi anayemfukuza anajikuta ana kwa ana na ukuta, basi, mwenzake anafunga na ukumbi unapiga kelele jina la mwenzake. Mpira ukigonga chuma cha goli na kurudi, Kabati anaudaka katikati ya viwiko na matusi, anautoa kwa mwingine. Mtu asiyeujua mchezo anaweza kutazama mechi nzima asimwone, ingawa yeye ndiye mrefu kuliko wote.

Ila alikuwa na donda ndugu, nalo lilikuwa mitupo huru. Mchezaji akichezewa vibaya, anapewa nafasi ya kusimama kwenye mstari mbele ya goli na kutupa mpira bila kusumbuliwa na mtu. Kila ukiingia ni pointi. Watoto wa shule wanaiweza. Kabati hakuiweza. Huko nchi za nje aliwahi kuvunjika kifundo cha mkono wa kulia, kikaungwa vizuri tu, lakini hakikukunjika tena kama zamani, na mpira ulitoka mkononi mwake umekufa, ukagonga ubao kama tofali. Alipelekwa kwa mtaalamu wa saikolojia ya michezo aliyemwambia afumbe macho na kuuona mpira ukiingia. Aliuona vizuri sana. Akafumbua macho, akakosa.

Wapinzani nao si wajinga. Walipojua, wakawa wakizidiwa mwishoni mwa mechi wanamvamia yeye makusudi, wanamshika mkono, wanamkumbatia hata akiwa hana habari na mpira, ili apelekwe mstarini akose na wao wapate mpira. Kocha akaanza kumtoa dakika za mwisho. Mwanzoni mara mojamoja, kisha kila mechi. Kabati alikaa benchi na taulo shingoni, akitazama kazi yake ikimaliziwa na binti mwembamba aliyeanguka kila alipoguswa.

Kocha, mama mmoja mnyoofu ambaye naye alicheza ligi hiyo enzi zake, alimwita ofisini wiki moja kabla ya mechi ya mwisho ya msimu. Ofisi ilikuwa chumba cha kuhifadhia magodoro ya mazoezi kilichotiwa meza.

"Keti," alisema, halafu akaona kiti kilivyo kidogo. "Au simama, kama ni nafuu."

Kabati alisimama.

"Sikuzungushi. Mkataba wako unaisha, na uongozi unaniuliza nakutaka wa nini, kama siwezi kumaliza mechi nikiwa na wewe. Sina jibu. Nipe jibu. Mechi hii ya mwisho ikiisha wewe ukiwa uwanjani, nitaingia kwenye kikao chao nikiwa na la kusema. Nikilazimika kukutoa tena, dada yangu, sitadanganya watu."

"Nimekuelewa, Kocha."

"Unanichukia?"

"Bado nafikiria."

Kocha akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Sasa, Kabati alikuwa na tabia moja baada ya mazoezi. Wenzake wakikimbilia bafuni kuwahi maji ya moto, yeye alibaki kukusanya mipira, ingawa kwa umri na heshima hiyo haikuwa kazi yake. Alisimama katikati ya uwanja na kuirusha mmoja mmoja kwenye kitoroli cha waya kilichokuwa ukutani, kwa mikono miwili, kutoka chini, katikati ya magoti, kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Ilimpumzisha. Jioni ya siku hiyo aliirusha kwa hasira kidogo, na nahodha wa timu, msichana mfupi mwenye maneno mengi aliyeitwa Sindano, alikuwa bado ameketi sakafuni akihangaika na kamba ya kiatu iliyojifunga fundo.

"Dada," alisema Sindano, "mbona huko hukosi?"

"Wapi?"

"Hapo kwenye kitoroli. Sijawahi kukuona umekosa. Tangu nije timu hii."

"Kitoroli hakina watu elfu wanaokutazama."

"Njoo utupe hivyohivyo golini."

Kabati alimtazama kama aliyeambiwa acheze amevaa gauni la kulalia. Mtupo wa kutoka chini si siri. Kila aliyewahi kucheza mpira huu anaujua, na wengi wanakiri chinichini kwamba kwa mtu mwenye mkono mbovu unafaa kuliko wa juu. Hakuna anayeutupa, kwa sababu ndivyo wanavyotupa watoto wadogo wasio na nguvu na nyanya waliochangamka kwenye sherehe. Watu wazima, wanaolipwa, wako radhi wakose kwa heshima kuliko wapate kwa aibu. Huo ndio ujinga wa kazi hii, na Kabati alikuwa nao sawa na wenzake, pengine kuwashinda.

Lakini uwanja ulikuwa mtupu, na Sindano si mtu wa kukubali hapana. Kabati akasimama mstarini, akatanua miguu, akakunja magoti, akarusha. Mpira ulipanda taratibu, ukashuka ndani ya nyavu bila kugusa chuma. Akarusha mwingine. Akarusha mpaka Sindano akaacha kuokota, akakaa chini.

"Ee Mungu wangu," alisema Sindano.

"Usimwambie mtu."

Sindano alimwambia Kocha kabla ya kufika getini. Kesho yake Kocha alikuja mazoezini, akasimama kando ya Kabati, akasema kwa sauti ya chini, "Siwezi kukuagiza. Na mimi nilikuwa mbovu wa mitupo, na nilijua dawa ni hiyo, na nilistaafu nikiwa mbovu kwa sababu niliona haya. Fanya utakavyoona."

Nyumbani, mama yake alikuwa akikata kitambaa mezani Kabati alipomweleza. Mama alimaliza kwanza mstari aliokuwa akiukata.

"Watacheka," alisema.

"Watacheka, Mama."

"Kama walivyokuwa wakicheka zile sketi."

"Zaidi. Hapa wamelipa kiingilio."

Mama aliweka mkasi chini. "Mwanangu, mimi sina la kukushauri. Nilikuwa nakuona unarudi kutoka shuleni umejikunja, nakwenda chooni nalia, natoka nakuambia kula. Kama ni lazima ufanye, fanya. Ila mimi siji. Roho yangu haiwezi."

Kabati alisema sawa. Ilimuuma, maana kiti cha mama yake kilikuwa palepale miaka yote, safu ya pili, na mama akimtolea refa maneno ambayo fundi wa heshima hakupaswa kuyajua.

Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya timu ya jezi za bluu, ngumu kama jiwe, na ukumbi ulijaa hadi ngazini. Kabla ya mapumziko Kabati hakuchezewa vibaya hata mara moja, akaanza kuomba kimoyomoyo ibaki hivyo, huku akijua kabisa kwamba ikibaki hivyo hatakuwa amepona ila amejificha. Robo ya tatu, dada mmoja wa bluu alimshika mkono chini ya goli. Filimbi ikalia.

Alikwenda mstarini. Mwamuzi akampa mpira. Akatanua miguu, akakunja magoti, akaushusha mpira katikati yake.

Watu wa safu za mbele walitazamana. Kisha kicheko kikaanza upande mmoja na kuzunguka ukumbi mzima. Mtu alipiga yowe, "Nyanya, angalia kiuno!" Wachezaji wa bluu waliziba midomo kwa jezi zao. Kabati akarusha, mpira ukagonga chuma na kutoka nje.

Basi hapo kicheko kikawa si kicheko tena, kikawa kelele. Masikio yake yaliwaka moto. Akiwa amesimama pale, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, alikuwa tena darasa la nne, na kitu pekee alichotaka duniani ni kuwa mfupi. Alitazama pembeni ili asimtazame mtu, macho yakaangukia mlangoni, na pale mlangoni alikuwepo mama yake, amesimama na mkoba begani kama anayetaka kuondoka, analia wazi mbele za watu, na haondoki.

Mwamuzi akampa mpira wa pili. Kabati akakunja magoti tena. Nyavu zikatikisika.

Alipochezewa vibaya tena, aliingiza yote miwili. Robo ya nne akaingiza miwili mingine, na waliocheka wakawa wanacheka kwa namna nyingine, wakihesabu kwa sauti kila mpira ukipanda. Dakika ya mwisho ilipofika, timu yake ikiwa mbele kwa pointi moja, Kabati alitazama benchi kwa mazoea. Kocha alikuwa amekaa, amekunja nne. Yule binti mwembamba alikuwa bado amevaa koti lake.

Bluu walifanya kama kawaida yao, wakamrukia Kabati wawili kwa pamoja. Mstarini, kutoka chini, wa kwanza ndani, wa pili ndani. Bluu wakakimbia upande wa pili wakafunga, tofauti ikarudi kuwa pointi moja, na sekunde chache zikabaki. Sasa walilazimika kumchezea vibaya mtu yeyote haraka ili saa isimame. Sindano, ambaye hana adabu, alivuka katikati ya uwanja na kumpa mpira Kabati.

"Msimguse!" Alikuwa ni kocha wa bluu, amesimama, mikono kichwani. "Huyo hapana! Mtu asimguse Kabati!"

Wachezaji wake wawili waliokwisha kunyoosha mikono waliirudisha nyuma kama watu waliokatazwa kushika vyombo dukani. Wakamtazama. Kabati aliuinua mpira juu, mahali ambapo mkono wa mwingine haufiki, amenyooka urefu wake wote katikati ya ukumbi, na akaanza kucheka yeye, kwa sauti, mpaka king'ora cha mwisho kikalia mpira ukiwa bado mikononi mwake.