Majivu ya Nyasi na Majivu ya Mlima

Mjini Arua walimwita Bwana Majivu, naye Adriko aliitika. Angefanya nini? Kiangazi kilichopita vipande vyeusi vilianguka mjini kutwa, na kwa kuwa mlima wa moto ulikuwa unafuka kule Kongo, yeye, mtabiri wa hali ya hewa mwenye shahada yake, aliandika bila kusita kwamba wingu la volkano limefika. Ndege zikazuiwa. Kumbe ni watu wa Aroi, kwao alikozaliwa, waliochoma nyasi kuwinda panya wa porini, kama wafanyavyo kila kiangazi. Alipokwenda nyumbani kupumzisha aibu yake, mama yake alimpakulia panya wa moto uleule.

Sasa mlima ulikuwa umelipuka kweli, na kwenye benchi nje ya ofisi yake kule Arua Hill alikuwa ameketi Keji.

Keji alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, muuza nguo za mitumba Koboko. Mumewe, Sebit, alikuwa ameanguka kutoka juu ya lori akipakua marobota, na damu ilikuwa inajikusanya ndani ya kichwa chake. Madaktari wa Arua walisema apasuliwe Kampala, leo leo. Mitikisiko ya barabara ingemmaliza. Ndege ndogo ya wagonjwa ilikuwa tayari uwanjani, na rubani wake, Andrew, alikuwa akisubiri neno la Adriko.

Keji alisimama mlangoni. "Ndugu, ndege iko ama hakuna?"

"Nipe muda kidogo, dada."

"Muda iko kwako. Kwa Sebit hakuna."

Adriko akageukia kompyuta. Ramani iliyotumwa kutoka Ulaya ilionyesha wingu la majivu kwa mstari mmoja mnene, na Arua ilikuwa nje ya mstari, kwa upana wa kidole. Mstari huo ulimkera. Nani aliupima mlima? Mvua na ukungu viliufunika. Hakuna aliyeona majivu yamepanda hadi wapi, na upepo wa chini ulikwenda huku, wa juu kule. Kwa hiyo alikuwa amelihesabu wingu upya mara nyingi, kila mara akibadilisha urefu wa moshi na nguvu ya upepo kidogo tu. Mengi ya mawingu hayo ya hesabu yaliishia msituni Kongo. Machache, kufikia alasiri, yalipinda yakaja Arua. Moja lilifika hadi Koboko. Na ndege ikimeza majivu yale, yanayeyuka ndani ya injini kama chupa motoni, na injini inazimika.

Bosi wake, Mama Ocokoru, aliingia bila kubisha. "Kijana, watu wa uwanjani wananipigia simu. Andika ndiyo au hapana."

"Siwezi kuandika uhakika nisio nao, Mama."

"Mwaka jana ulikuwa nao mwingi sana!"

Simu ikalia. Alikuwa Dramadri, mkulima wa kijiji cha Dranya ambaye huwapimia mvua. Mama Ocokoru akabonyeza spika.

"Majivu iko huku!" Dramadri alipaza sauti. "Shuka ya mama imekuwa nyeusi yote!"

"Basi," Mama Ocokoru akasema. "Imefika. Funga anga, tungoje hadi kesho picha iwe safi."

Adriko alibanwa pande zote mbili. Akisema majivu hayapo, huenda akawaua watu angani. Akisema yapo, Sebit atafia hapa chini na mji utacheka tena. Akaisogelea simu. "Mzee, chukua kipande, kisugue kwa vidole. Kinakwaruza kama mchanga?"

Dramadri akasugua. "Hapana. Laini. Kimenipaka masizi tu."

"Hiyo ni nyasi," Adriko akasema. Lakini hakufurahi. Masizi ya Dranya hayakumwambia lolote kuhusu anga ya juu.

"Na kesho?" Mama Ocokoru akauliza, sasa kwa upole. "Kwa nini usingoje kesho?"

Ndipo Adriko akampangia ramani zake zote mezani. Za asubuhi hiyo zilifanana: katika zote, njia ya mashariki kupitia Gulu ilikuwa wazi. Za alasiri zilianza kuachana. Za kesho zilitapakaa nchi nzima kama kuku waliotupiwa jiwe.

"Tunadhani kungoja kunaleta uhakika," alisema, na sauti ikampanda. "Kunaupunguza, Mama! Kila saa tunayokaa hapa mawingu yanazidi kuachana. Watu wetu hupewa mstari mmoja kana kwamba hawawezi kuambiwa ukweli. Mwambie rubani ukweli kama ulivyo: aondoke sasa, apite Gulu kwanza, na hatari ipo, ndogo, lakini ipo. Akichelewa, sina la kumwambia. Jina langu liandikwe."

Mama Ocokoru alizipitia ramani moja moja. Kisha akampigia Andrew, akayasema yote, hata ile "hatari ipo". Adriko akatoka, akamweleza Keji maneno yaleyale.

"Kwa hiyo wewe hujui," Keji akasema.

"Sijui, dada. Najua kiasi gani sijui."

Keji alifunga kitenge kiunoni. "Leo nimeambiwa 'itakuwa sawa' na watu wengi. Twende."

Ndege ilipaa. Adriko hakula. Aliketi mbele ya ramani zake, na wingu lile moja la Koboko lilimtumbulia macho hadi Keji alipopiga simu: wamefika, Sebit ameingizwa chumba cha upasuaji.

"Ulikuwa sahihi," Mama Ocokoru akamwambia.

"Hapana, Mama. Hata kama ndege ingeanguka, ramani zingekuwa hizihizi."

Jioni aliteremka mjini. Muzamili, muuza chai, akaita kutoka kibandani mwake, "Bwana Majivu! Ya leo iko wapi?" Adriko alipitisha kidole kwenye kioo cha gari lililoegeshwa. Kikatoka cheusi. Akakisugua: masizi laini, na katikati yake chembe chache zilizokwaruza. Huenda ni mlima. Huenda ni vumbi la barabara.

"Sijui," akajibu, na watu wote kibandani wakacheka.