Shahidi Wangu wa Kumi Hayupo Duniani, Lakini Nimetumiwa Picha Yake

Admin, nifiche vizuri, Kisangani watu wana macho. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, namaliza chuo hapa hapa mjini. Nimechumbiwa, na familia ya mchumba wangu imeshakuja kwetu kujitambulisha. Majina yote humu nimeyabadilisha. Kazi ya kubadilisha majina naijua sana, mtaona wenyewe ilivyoniponza.

Mémoire yangu, kazi ya kumalizia chuo, ni ya mazingira: wanawake wanaochoma makala kwenye barabara ya Banalia na jinsi msitu unavyoisha. Prof anayeniongoza alitaka nihoji mashahidi kumi, uso kwa uso. Nilipata tisa. Siku ya kumtafuta wa kumi, mchumba wangu, nimwite Sadiki, alinibeba kwa moto yake, pikipiki. Mvua ilikuwa imekata daraja, tukageuza. Siku za kupeleka kazi zilikuwa zimeisha. Basi nikakaa jikoni, sombe iko motoni, nikamtunga wa kumi. Nikampa jina la marehemu nyanya yangu: Mama Asina, mjane, watoto saba, anamsema chifu wake anayegawa msitu kama shamba lake mwenyewe. Nilidanganya, sikatai. Nilijiambia ni mmoja tu kati ya kumi. Kumbe ndiye aliyempendeza prof kuliko wale tisa wa kweli. Aliandika "très bien", vizuri sana, kwa wino mwekundu pembeni ya maneno yake, na wengine hakuwaandikia kitu.

Sadiki ndiye aliyenipigia chapa kazi hiyo kwenye kompyuta yake. Anajua tuligeuza njiani. Alipofika kwenye maneno ya Mama Asina hakuuliza neno, aliendelea kupiga tu. Wakati ule nilidhani ni mapenzi.

Wiki mbili zilizopita, wanafunzi wote tunaomaliza tulikusanywa tuonyeshane kazi zetu kabla ya défense, siku ya kuzitetea mbele ya walimu wa jury. Mmoja alizungumzia shule za mtaa wa Simi-Simi, mwingine wachonga vinyago. Kisha akasimama rafiki yangu Furaha, yeye anasoma siasa, kazi yake ni madaraka ya machifu juu ya ardhi. Akawasha projecteur. Ukutani nikasoma: "Mama Asina, mjane, watoto saba." Chini yake yalikuwepo maneno yangu yote, hata lile tusi dogo nililomwekea mdomoni ili asikike kama mtu wa kweli.

Furaha sijawahi kumpa kazi yangu hata ukurasa mmoja. Halafu kuna hili: kabla ya kumpa prof, niliona watoto saba ni wengi kwa umri wa yule mama, nikakata kwa kalamu kwenye karatasi, nikaandika wanne. Saba walibaki sehemu moja tu, kwenye kompyuta ya Sadiki.

Prof alifurahi kama mtu aliyeokota dhahabu. "Bon! Donc kazi mbili ziko na témoin moja, shahidi moja. Furaha, ule mama unamujua wewe mwenyewe?"

"Namujua muzuri, prof. Nilifika kwake, tulikula pamoja." Akanigeukia na tabasamu lake, akaniita kama dada yake mkubwa. "Hata anakusalimia sana, yaya."

Anakusalimia! Mtu niliyempika pamoja na sombe ananitumia salamu. Nilitaka kupiga kelele kwamba huyu ni mwongo. Lakini ningesema nini? Nikisema jina Asina ni la kubadilisha, prof ataniuliza lile la kweli. Nikisema hayupo, basi mwongo wa kwanza ni mimi. Nikacheka cheko la kijinga, nikajibu, "Asante, umwambie nami namsalimia."

"Alors mumulete siku ya défense," prof akasema. "Aseme mbele ya jury."

"Nitamuleta mimi," Furaha akadaka haraka.

Siku hiyo hiyo nilienda kwa Sadiki. Nikamuuliza taratibu kama kazi yangu alimwonyesha mtu. Alicheka. "Chérie, nani atasoma mambo ya makala? Mi sikupatia mutu hata moja. Uko na stress tu." Wakati anasema hivyo simu yake iliita, akaigeuza kifudifudi juu ya meza. Sadiki hajawahi kugeuza simu mbele yangu. Tangu siku hiyo kila anachoniambia nakipima mara mbili.

Jana asubuhi Furaha kanitumia picha. Mwanamke amesimama mbele ya magunia ya makala, kitambaa kichwani, uso mkavu. Chini kaandika: "Mama yetu Asina iko tayari kuja."

Ndugu zangu, mwanamke yule namjua. Ni shangazi yake Sadiki. Siku ya kujitambulisha alikaa karibu na mama yangu, akala wali wetu, akanisifu kwamba nina adabu.

Sasa nawaza mengi. Labda Sadiki aliona nitaumbuka, akanitafutia mtu wa kunisitiri, na Furaha ni msaidizi tu. Lakini kama ni kunisitiri, mbona hajaniambia? Na maneno yangu yalifikaje kwa Furaha kabla prof hajaomba shahidi? Labda wawili hao wanakula sahani moja, na mimi ndiye kitoweo. Shangazi akifika mbele ya jury akasema, "Mi sijawahi kuona huyu binti," nimekwisha.

Défense ni Jumanne. Papa wangu ameshanunua poudre, ile poda ya kunimwagia kichwani nikifaulu, na anawaambia majirani kwamba jina la mama yake limeingia kwenye kitabu cha chuo. Nikikiri kwa prof, miaka yangu yote inapotea na Papa ataaibika. Nikinyamaza, nitakuwa mikononi mwa Sadiki na Furaha maisha yangu yote, pengine ndani ya ndoa.

Nyinyi mnaosoma, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Niambieni tu: shangazi yake Sadiki akiingia mlangoni siku ile, Papa amekaa mstari wa mbele na poudre yake, nisimame nimkumbatie na kumwita kwa jina la nyanya yangu?