Harufu Chini ya Moshi

Jioni, ng'ombe wa boma lile husimama langoni na kutazama barabara. Siku hizi huingizwa kwa fimbo. Zamani waliitwa kwa mluzi, mrefu, wenye kupanda mwishoni kama swali, na hata mtu aliyekuwa chini Salgaa kati ya malori alipousikia alijua kwamba Chepchirchir ametoka shule. Ni mwaka wa nane sasa tangu kilima kile kiusikie. Ndama waliozaliwa baadaye hawakuwahi kuitwa hivyo, lakini nao husimama pale, kwa kuwa mama zao husimama.

Wakati ule alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yake alikufa akimzaa, akalelewa na nyanya yake, Gogo, mwanamke ambaye vibuyu vyake vya maziwa vilisifiwa na kilima kizima. Gogo alivisugua ndani kwa fimbo ya mkindu, kisha kwa mkaa wa mti wa senetwet, mpaka maziwa yakatoka na rangi ya kijivu na ladha ya moshi.

"Mkaa ni sabuni ya wazee," alisema. "Hakuna uchafu unaoushinda."

Chepchirchir aliamini hivyo kama alivyoamini kwamba jua litatokea upande wa Menengai.

Kila asubuhi Sitati alifika na mkokoteni wa punda kuchukua maziwa. Alikuwa mtu wa Bungoma, mwembamba, asiye na jamaa hapa ila yule punda, na Chepchirchir alimwita bosi.

"Bosi, ng'ombe wako wamelala ama wamegoma?"

"Ni wewe umechelewa. Huyo punda ni mzee kuliko wewe."

"Ebu usimtukane baba yangu."

Kisha siku moja debe la maziwa likatoboka, likapelekwa kwa fundi wa kuchomelea. Gogo akaingia stoo, akatoka na mtungi wa plastiki wa manjano. Mtungi ule ulikuwa wa dawa ya kunyunyizia kupe. Aliutia maji ya moto, akausugua kwa mkaa kama kibuyu, akauanika juani. Asubuhi Chepchirchir aliinamisha pua kwenye mdomo wa mtungi. Kulikuwa na moshi. Chini ya moshi kulikuwa na kitu kingine.

"Gogo, bado unanuka."

"Unanuka mkaa."

"Unanuka dawa."

"Mkaa haujawahi kushindwa, leo utanifundisha wewe? Mimina."

Akamimina.

Maziwa yale yalikwenda moja kwa moja kwa hoteli ya Mugure, pale madereva wa malori wanapokunywa chai. Kabla ya kuyatia kwenye sufuria, Mugure alimpa bintiye Abby kikombe cha kwanza, kama siku zote, maziwa yakiwa bado na joto la ng'ombe. Abby alikuwa na miaka minne. Maji ya chai hayajachemka, mtoto alianza kutokwa na povu. Walimkimbiza Nakuru kwa gari la mteja. Waliporudi walikuwa wamemfunika.

Sitati, asiyejua lolote, alikuwa amekwisha kuurudisha mtungi mtupu na kuutundika langoni kwa Gogo.

Walipomuuliza, alisema yeye hubeba tu, maziwa yalitoka kwa Gogo. Watu walicheka kicheko kibaya. Kwa Gogo? Nani hajakunywa kwa Gogo? Basi ni huyu wa kuja ndiye aliyetia kitu.

Gogo aliuzika mtungi ghalani chini ya magunzi ya mahindi.

"Ulikuwa shule," alimwambia mjukuu wake. "Hukuona kitu."

"Nilikuwa hapa, Gogo."

"Wakinichukua, utalelewa na nani?"

Kesho yake adhuhuri simu ya mjomba Kipkemei ililia shambani. Alisikiliza, akamfungua fahali kamba, akateremka nayo mbio kuelekea kibanda cha kukusanyia maziwa. Sauti za watu zilipanda kutoka kule. Chepchirchir alijua kamba ile ilikwenda kumfunga nani.

Gogo alikuwa ameketi mlangoni pa ghala akichagua maharagwe. Hakuinua macho.

"Ukipita hapa, usirudi ukiniita Gogo."

Msichana alisimama mpaka ungo wote ukawa umechaguliwa. Kisha akapita, akaufukua mtungi, akateremka nao.

Kibandani walikuwa wamemfunga Sitati kwenye nguzo. Shati lake lilikuwa limechanika, na tairi lilikuwa tayari miguuni pake. Punda alisimama kando akila majani.

"Wee mtoi, toka hapa," kijana mmoja alimfokea. "Hii si sinema."

"Rudi nyumbani, Chirchir," alisema Kipkemei. Alikuwa ameuona mtungi, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Maziwa yalikuwa kwa huu," alisema Chepchirchir. "Ulikuwa wa dawa ya kupe. Gogo aliuosha. Mimi nilinusa, halafu nikamimina."

"Nani amekutuma?" mmoja wao aliuliza.

"Hakuna."

Mugure alikuwa ameketi chini kati ya wanawake, leso kichwani. Aliinuka, akauchukua mtungi, akafungua kifuniko, akatia uso wake mle. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipouinua, pua yake ilikuwa na doa la mkaa.

"Mfungueni," alisema.

Sitati aliondoka wiki ile. Alipopita na punda wake alisimama kwenye ua, akafungua mdomo kama mtu mwenye mzaha wa kusema. "Bosi," alisema, kisha akamvuta punda wakaenda.

Askari walimchukua Gogo. Mahakama ilimwachilia baada ya miezi kadhaa kwa sababu ya umri wake, akarudi nyumbani. Kipkemei alikuwa amekwisha kusema kwamba msichana ameuza damu yake mwenyewe, lakini Chepchirchir alimsubiri langoni.

"Chamgei, Gogo," alimsalimu.

Gogo alimpita kama mtu apitaye kijiti cha ua. Vibuyu alivitoa nje, akaviacha vipasuke juani. Mwezi mzima waliishi nyumba moja bila neno, na katika mwezi ule mluzi ulikoma. Mama mdogo wa Chepchirchir, Chepchumba, alikuja kumchukua.

Sasa ana miaka kumi na tisa. Anaishi Kiamunyi, kando ya mji wa Nakuru, kwa mama mdogo wake, na anashona sare za shule katika kibanda kilicho karibu na stendi. Hajarudi kilimani, wala hajapiga mluzi tena.